Mhariri, hiyo 25 ya gesi ni 25 ya nini?

Mhariri, salaam. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi, gazeti naanzia nyuma kwenye mpira naishia mbele kwenye siasa, na katikati lazima nisimame kwenye ule ukurasa wa ufundi wa nyumbani, manake mwenyewe nina banda la gari nyuma ya nyumba huku Kigamboni ambalo gari halijawahi kulala hata siku moja, limejaa vyuma tu. Sasa wiki mbili zilizopita mliandika habari za mashine za MIG, zile zinazochomelea kwa waya unaojisukuma wenyewe huku gesi inatoka, jinsi mtu anavyoweza kuchomelea nyumbani kwake bila kuwa na karakana, nikasema aisee afadhali, na sisi tumekumbukwa. Nikasoma vizuri mpaka nilipofika kwenye gesi. Pale mkaweka mstari mmoja tu, kwamba gesi iwekwe 25. Basi, mkahamia kwenye miwani na glavu. 25 ya nini hamkusema.

Najua mtaniona nawasumbua kwa kitu kidogo ila naomba nafasi nieleze, kwa sababu hiyo 25 isiyokuwa na jina nilishaambiwa na mtu mwingine kabla yenu, na ilinimalizia mtungi mzima wa gesi, ikaniharibia geti la shemeji, afu nikakaa wiki nzima nasemwa ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Ilikuwa hivi. Mwaka jana nilinunua mashine, inverta ya ampea 200, pamoja na mtungi wa kilo 10 wa CO2, yaani gesi ya kaboni dioksidi, regulata, kile kifaa chenye geji cha kupunguza msukumo wa gesi, na roli ya waya wa milimita 0.8. Muuzaji kijana mchangamfu tu, akanifungia regulata palepale dukani, akaniambia bosi, gesi weka 25 usiende chini ya hapo utajuta. Nikashukuru nikaondoka. Kazi ya kwanza ikawa geti la shemeji, skwea paipu za unene wa milimita 1.5, kazi ya kawaida kabisa ambayo kwa rodi, ile ya kuchomelea bila mtungi wa gesi, ningeimaliza ila nilitaka nioneshe mashine mpya. Nikaweka 25 kama nilivyoambiwa. Mshono wa kwanza ukatoka na vitundu kama mkate wa kumimina! Nikapitisha grainda nikijua ni uchafu wa juu, kumbe ndo nimefungua mlango, kadiri unavyokwangua ndivyo vitundu vinavyozidi, vingine virefu kama vimechimbwa na mdudu.

Sasa mtu ambaye hajui atafanya nini? Atasema gesi haitoshi. Nikapandisha 30. Vitundu vikaongezeka. Nikasogeza kidogo tena, regulata ikaanza kuota barafu, yaani barafu kabisa nyeupe, Dar es Salaam, saa nane mchana, watoto wa jirani wakaja kuikwangua na kucha wanacheka. Siku ya tatu gesi ikakata na geti halijafika hata nusu.

Nikajaza tena mtungi, na siku naanza tena ndo akaja mzee mmoja jirani yangu, fundi mstaafu, maisha yake yote amechomelea vyuma vya meli. Hakuja kwa sababu ameona mwanga, alikuja kwa sababu ya sauti. Nikamwambia shikamoo mzee, akaitikia marahaba, halafu hapohapo akaniuliza, kijana, unachomelea au unajaza tairi upepo? Kweli, ule mlio wa nozeli, yaani mdomo wa tochi ya kuchomelea panapotokea gesi, ulikuwa unasikika mpaka upande wa pili wa ukuta, ssssss kama kompresa, na mi nilikuwa nimeuzoea nikadhani ndo raha ya mashine.

Hakunifundisha kwa maneno mengi. Akanishika mkono mpaka kwenye bomba la uani, bahati siku hiyo maji yalikuwa yametoka. Akafungua kidogo, maji yakashuka kama fimbo ya kioo, unaona mpaka ukuta wa nyuma yake. Akafungua zaidi, yakawa meupe, yanatapatapa, yamejaa mapovu. Akauliza, hayo mapovu yametoka ndani ya bomba? Nikasema hapana mzee, hiyo ni hewa ya hapa nje imeingia. Akasema haya, na gesi yako ndo inafanya hivyo hivyo, ila yenyewe huioni.

Mhariri, hapo ndo nilielewa kitu ambacho ukurasa wenu haukusema. Kazi ya ile gesi ni kukaa juu ya chuma kilichoyeyuka kama blanketi, hewa isifike, kwa sababu hewa ina naitrojeni na oksijeni na hivyo vikiingia kwenye chuma cha majimaji, chuma kikianza kuganda vinatafuta pa kutokea, na vile vitundu ndo njia zake. Blanketi likiwa dogo sana hewa inaingia. Ukiisukuma gesi kwa nguvu sana inatoka kwenye nozeli inazunguka na kujikunja, inaivuta hewa ya pembeni yenyewe na kuileta pale pale ulipokuwa unaikataza. Kwa hiyo gesi kidogo inaleta vitundu na gesi nyingi inaleta vitundu, na vitundu ni vilevile, ukiviangalia tu huwezi kujua ni vya upande upi.

Baadaye tukaiangalia geji ya regulata. Ile geji ina duara mbili za namba, ya nje nyeusi na ya ndani nyekundu, herufi zake ndogo kama maandishi ya kwenye kidonge. Moja ni lita kwa dakika. Nyingine ni futi za ujazo kwa saa, kipimo cha Wamarekani. Futi moja ya ujazo kwa saa ni kama lita 0.47 kwa dakika, yaani karibu nusu. Sasa 25 ya Mmarekani ni kama lita 12 kwa dakika, ambayo ni sawa kabisa kwa mashine ndogo ya nyumbani. Ila 25 ya lita ni mara mbili ya hiyo na zaidi. Nadhani muuzaji aliisikia hiyo 25 kwenye video ya mtu wa kule akaibeba namba akaacha kipimo njiani, na mi nikaiweka kwenye duara la lita, na nyinyi mkaiandika gazetini. Msomaji mwenye geji ya duara moja ya lita atafanya nini na 25 yenu? Atafanya nilichofanya.

Pigeni na hesabu ya hela. Kilo moja ya CO2 ikitoka mtungini inakuwa gesi kama lita 540, kwa hiyo mtungi wa kilo 10 una lita kama 5,400. Kwa lita 12 kwa dakika unabonyeza triga dakika 450, saa saba na nusu za moto mtupu, hiyo ni kazi ya wiki kadhaa kwa mtu wa jioni na Jumamosi kama mimi. Kwa lita 25 ni dakika 216. Na regulata kuota barafu ni kwa sababu hiyohiyo, CO2 ikitoka haraka inapoa sana, na ikishapoa hivyo inaanza kutoka kwa kukatakata. Wenye kazi kubwa wanaweka hita kwenye regulata. Mtu wa banda la nyumbani akiona barafu kwanza aangalie namba yake.

Namba zenyewe ninazotumia sasa, na mzee amezikubali: waya wa 0.8 lita 8 mpaka 10 kwa dakika, waya wa 1.0 lita 10 mpaka 12, waya wa 1.2 lita 12 mpaka 15. Njia nyingine ya kukumbuka ni kupima upana wa ndani wa nozeli kwa milimita, namba hiyohiyo ndo lita zako, nozeli yangu ni milimita 12 basi kwa njia hiyo naanzia 12, juu kidogo ya ile ya waya. Hiyo ni ndani, hewa imetulia. Mtu wa 0.8 na nozeli ndogo akifika 20 ajue anatafuta matatizo. Na urekebishe huku gesi inatoka, sio mashine imekaa kimya, kwa sababu geji ya mshale ikiwa gesi imefungwa inakaa juu kuliko ukweli.

Hapo kwenye geji ya mshale naomba nikae kidogo. Ile geji haipimi gesi inayotoka, inapima msukumo nyuma ya kitundu kidogo halafu wametuandikia lita juu yake. Maana yake mpira ukiziba mbele, nozeli ikijaa matone ya chuma, vitundu vya ndani ya tochi vikiziba, mshale bado unakuonesha 12 unasema asante. Ile ya kioo yenye gololi ndani ni bora, gesi isipopita gololi inaanguka, ila lazima isimame wima, ikiinama inadanganya. Kwa vyovyote vile gesi inatakiwa ipimwe inapotokea, kwenye nozeli. Kuna kibomba kidogo chenye gololi unakisimamisha juu ya nozeli kinakusomea, mafundi wakubwa wanacho. Mi sina, natumia dumu.

Dumu la lita 5 la mafuta ya kula. Unalijaza maji mpaka mdomoni, unaligeuza kichwa chini ndani ya beseni la maji, maji yanabaki humo hayatoki. Unachukua kipande cha mpira laini unakivalisha kwenye nozeli, ncha ya pili unaiingiza kwenye mdomo wa dumu chini ya maji, halafu unabonyeza kile kitufe cha kujaribu gesi kwenye mashine huku mtu anaangalia saa. Gesi inaingia inasukuma maji nje. Maji ya dumu yakiisha unachukua 300 unagawa kwa sekunde, hapo una lita zako kwa dakika. Sekunde 30 ni lita 10. CO2 kidogo inayeyuka kwenye maji na dumu huwa linazidi lita 5 kidogo ukilijaza mpaka mdomoni, ila kwa kazi yetu inatosha kabisa. Angalizo: tumia kitufe cha gesi, USITUMIE triga, kwa sababu ukibonyeza triga ya tochi, tipu, ile ncha waya unapotokea, inapata umeme na wewe uko na maji mikononi. Kama mashine yako haina hicho kitufe achana na dumu, tafuta kile kibomba.

Mara ya kwanza kupima, geji inasema 12, dumu likachukua sekunde 43. Piga hesabu, lita 7. Nikamuuliza mzee, lita 5 zimeenda wapi? Akaniambia lete sabuni ya unga na brashi ya viatu. Tukapaka povu kila kiungo kuanzia kwenye mtungi. Kwenye mtungi kimya, kwenye regulata kimya, kwenye mpira kimya, tulipofika pale tochi inapochomekwa kwenye mashine povu likaanza kuvimba kama maziwa yanataka kumwagika. Kuchomoa tunakuta oringi, kile kipete cha mpira cha kuziba, imekatika, nusu haipo. Oringi ya bei ya soda jamani! Tukaweka nyingine, dumu likachukua sekunde 26. Na pale panapovuja sio kwamba gesi inatoka tu, gesi ikipita kwa kasi kwenye kiungo kilicholegea inaweza kuvuta hewa ya nje kuingia ndani, hapo unachomelea na gesi iliyochakachuliwa tayari.

Sasa upepo. Hili kwetu watu wa pwani ni kubwa kuliko mnavyodhani, kusi likianza kuvuma kuanzia mwezi wa nne wa tano mpaka kama wa tisa, banda langu mlango unaangalia baharini, nilikuwa naufungua wote nipate hewa. Upepo wa mita mbili tu kwa sekunde unatosha kulipeperusha lile blanketi. Kipimo changu ni kanga za mke wangu kwenye kamba, nikiziona zinacheza tu mlango wa mbele nafunga au natundika turubai upande wa upepo. Watu wanajibu upepo kwa kufungulia gesi, mi nilikuwa mmoja wao, ukitoka 10 ukafika 15 inaweza kusaidia kidogo, zaidi ya hapo unarudi kwenye yale maji meupe ya bomba. Na geti likishapachikwa nje barabarani sihangaiki na gesi, natoa rodi, au natumia ule waya wenye unga ndani usiohitaji gesi, ambao lazima ugeuze na nyaya za chanya na hasi kwenye mashine.

Feni pia. Nilikuwa na feni nimeielekeza mgongoni inipoze, kumbe inapitisha upepo kwapani inapiga kazi. Siku hizi feni ipo lakini imeelekea nje, nyuma yangu, inavuta.

Ila kufunga kila kitu nako ni hatari, hapa mhariri sitanii. CO2 ni nzito kuliko hewa, inalala chini, na ikipita kwenye moto wa umeme sehemu yake inageuka kaboni monoksidi, ile ile ya jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Nilishapata kichwa kuuma siku moja nimefunga mlango kwa ajili ya kusi na mbu, nikatoka nje nikakaa kwenye ndoo nusu saa. Nimetoboa matofali ya hewa chini na juu ya ukuta wa nyuma, upande usio na upepo. Ndo hivyo, unatafuta hewa inayotembea taratibu ndani ya banda na isiyogusa nozeli.

Umbali nao, nozeli isikae mbali na kazi, milimita 10 mpaka 15, chini ya upana wa kidole gumba. Sisi wenye macho ya uzee tunajisahau tunanyanyua tochi tuone vizuri, gesi inafika imechoka.

Na sio kila kitundu ni cha gesi, nisije nikaonekana nina ugonjwa wa gesi. Kutu, rangi, girisi, vyote vinatoa moshi ndani ya mshono, hata ungeweka gesi sawasawa vipi. Paipu ya zinki ndo mbaya zaidi, ule moshi mweupe ukiuvuta jioni unatetemeka kama una malaria. Kwangua kwanza, mpaka chuma king'ae.

Mtungi nao una mambo yake. Geji ya upande wa mtungi kwa CO2 haikuambii gesi imebaki kiasi gani, kwa sababu ndani ni kimiminika, nyuzi 20 msukumo unasoma kama bar 57 na nyuzi 30 kama bar 72 iwe mtungi umejaa au umepungua, unaanza kushuka kimiminika kikishaisha. Ukitaka kujua pima kwa mizani, uzito wa mtungi mtupu umegongwa begani pake. Mtungi wa CO2 iliyochanganywa na agoni, gesi nyingine ya kuchomelea, ndo geji yake inashuka kidogo kidogo vizuri. Usiutumie mtungi wa CO2 umelala, kile kimiminika kitaingia kwenye regulata, na kwa sababu hiyohiyo wale wanaouza mitungi ya zimamoto wanasema ni gesi ileile tu, waogopeni, mingi ina bomba ndani linaloshuka mpaka chini linaleta kimiminika juu. Ufunge mtungi kwa mnyororo ukutani. Kuna mtu nimemuona juzi kwenye pantoni ameulaza juu ya bodaboda, regulata imo, nikasogea upande wa pili.

Kwa hiyo ombi langu, rudieni ule ukurasa, andikeni lita kwa dakika, herufi kubwa, sio kile kisanduku cha masahihisho cha chini kushoto ambacho hakuna anayekisoma. Na wauzaji wanaosoma barua hii, bandikeni karatasi ya Kiswahili kwenye regulata kabla haijatoka dukani, mistari miwili inatosha. Halafu neno dogo la kando, tukitumia CO2 jina lake hasa ni MAG, MIG ni ya gesi kama agoni tupu, ila hilo siwadai, dukani wote tunasema MIG.

Geti la shemeji nililikata mishono yote nikairudia upya. Mtungi nimeupeleka jana kwa muuza chuma chakavu mwenye mizani, umebaki na kilo sita na nusu za gesi, na humo limetoka geti zima, madirisha mawili ya grili na kitanda cha chuma cha mtoto.

Msomaji wenu wa Jumamosi,
Kigamboni, Dar es Salaam